Hereni Ishirini na Tano

Wahenga waliosema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, hawakuwa wakizungumzia nyama. Walikuwa wakimsema mtu anayemchoma mwenzake mbavuni huku akitabasamu, kisha akiguswa na ncha ileile anapiga ukunga hadi majirani wanatoka nje. Watu wa namna hiyo wako kila nchi. Verlyn Tietz alikuwa mmoja wao, na kwa kuwa alikuwa mfugaji wa nguruwe, methali hii ilimkaa kama koti alilopimiwa na fundi.

Verlyn alitoka wilaya ya Saline, jimboni Nebraska. Alikuwa pande la mtu, shingo nyekundu kwa jua, sauti yake ya kuitia mifugo hata chumbani. Mwaka ule alikuwa mwenyekiti wa wajumbe ishirini na tano wa Nebraska katika mkutano mkuu wa chama, uliofanyika Kansas City ili kumteua mgombea urais. Seneta Harlan Pruett alikuwa ameshinda kura za mchujo za Nebraska mwezi Mei, kwa hiyo wajumbe wote ishirini na tano walikuwa wamefungwa kwake. Wapende wasipende, katika raundi ya kwanza iliwapasa wampigie yeye, na kila mmoja alikuwa amesaini hati ya kuahidi hivyo. Naye Pruett alikwisha mnong'oneza Verlyn jambo tamu: akiingia Ikulu, wizara ya kilimo ni yake. Tangu siku hiyo Verlyn alikuwa hashikiki kwa majivuno. Suti mpya ilikwisha nunuliwa, na mkewe Arlene alikwisha anza kuulizia nyumba za Washington.

Lakini mwezi Juni mambo yaliingia mchanga. Pruett aliunga mkono hoja ya kung'oa reli ndogo zilizobeba nafaka vijijini. Wajumbe wa Nebraska walipokutana mjini Lincoln, mzee Orville Stamm, aliyeendesha ghala la nafaka kando ya mojawapo ya reli hizo kwa miaka arobaini, alisimama na kofia yake mkononi.

"Verlyn, mimi huyu bwana simpigii tena," alisema. "Gavana Kasten anayeshindana naye ameahidi kuilinda reli. Reli ikienda, mji wetu umekwenda."

"Ulisaini au hukusaini?" Verlyn akauliza.

"Nilisaini. Lakini nilisaini kabla hajatugeuka."

"Ukisaini umesaini, mzee wangu! Wananchi wamekutuma kama mtu anavyotumwa dukani. Umetumwa sukari, unarudi na chumvi? Huo ni wizi wa kura!"

Verlyn hakuishia kwenye maneno. Alipitisha kanuni ya jimbo kwamba mjumbe atakayelegalega atavuliwa ujumbe na kiti chake apewe mjumbe wa akiba. Orville alivuliwa beji palepale mbele ya watu. Kiti chake kikamwangukia Wendell Zimmer, mpole asiye na makuu, kaka yake Arlene. Orville aliivaa kofia yake akatoka bila kuaga. Bi. Dolores Kubicek, mjane mwenye shamba la ngano linalopakana na la Verlyn, alimfuata mzee kwa macho na moyo ukamuuma, ila alinyamaza, maana naye alikuwa amesaini.

Ili jambo lisisahaulike, Verlyn alifungua boksi alilokuja nalo na kugawa hereni za plastiki za njano, zile anazowavisha nguruwe wake masikioni ili wasichanganyike na wa jirani. Kila moja ilikuwa na namba, na chini yake ameandika kwa wino: PRUETT.

"Zifungeni kofiani!" alisema akicheka hadi tumbo likatikisika. "Nguruwe wa Tietz hawapotei mnadani!"

Wengine walicheka naye. Dolores aliifunga hereni namba kumi na moja kofiani mwake bila kucheka.

Sasa tazama dunia inavyozunguka. Walipofika Kansas City mwezi Agosti, hesabu ilikuwa dhahiri kwa kila mtu: Gavana Kasten alikuwa na wajumbe wengi zaidi waliofungwa kwake. Lakini wengi wao, hasa wa majimbo yenye viwanda, walikuwa wamemchoka tangu agombane na vyama vya wafanyakazi. Laiti wangefunguliwa wangemkimbilia Pruett. Verlyn, yuleyule wa Lincoln, akageuka mtetezi wa dhamiri! Aliingia kamati ya kanuni, akakaa humo siku mbili akigombana, na mwishowe akatoka na hoja ya kuwafungua wajumbe wote. Aliiandika kwa mkono wake: Mjumbe ni mtu huru. Hafungwi na mtu yeyote, wala na hati yoyote aliyoitia sahihi, wala na kanuni ya jimbo lake.

Maneno ya hati na ya kanuni ya jimbo aliyaongeza kwa makusudi, kwa sababu wajumbe wa Kasten kutoka Ohio walikuwa wamesaini hati na wamewekewa kanuni kali. Alitaka asibakize hata upenyo mmoja. Aliposimama jukwaani asubuhi kuitetea, ukumbi ulikuwa unachemka.

"Ndugu zangu!" alinguruma. "Hivi mjumbe ni nguruwe? Mjumbe hafungiwi zizini akasukumwa mnadani kwa fimbo! Mtu akijifunza jambo jipya mwezi Juni, apige kura ya mwezi Mei? Fungueni zizi!"

"Fungueni zizi! Fungueni zizi!" upande wa Pruett ukaitikia. Upande wa Kasten ukajibu kwa kuzomea, "Wasaliti! Wezi wa kura!" Wanaume wazima wakasukumana vifua chini ya mabango. Mama mmoja wa Ohio alimpiga mwenzake kwa mwavuli, na bendi ikaanza kupiga wimbo ili kuzima fujo, ikaishia kuizidisha.

Katikati ya kelele hizo Dolores aliishika kofia yake na kuiangalia ile hereni. Akamwonyesha Wendell aliyekaa pembeni yake.

"Wendell, umemsikia shemeji yako?"

"Nimemsikia."

"Kasema hati na kanuni ya jimbo, au masikio yangu?"

"Kasema vyote," Wendell akajibu taratibu, akatazama juu kwenye viti vya watazamaji. Huko, safu ya tatu, alikuwa amekaa mzee Orville. Alikuja kwa basi peke yake, kutazama tu.

Hoja ilipita kwa kura chache. Verlyn alirukaruka kama mtoto, akawakumbatia watu asiowajua, na alipofika kwa wajumbe wake alichomoa kolachi kwenye kopo la Dolores bila kuomba, vile vikate vyake vya plamu, akakitia kizima kinywani.

"Tumewachoma, Dolores! Kasten amekwisha!"

"Naona," Dolores alisema. "Kumbe kura ya Juni nayo ni kura?"

"Ya wale, ndiyo," alijibu akitafuna, wala hakutambua alichokisema mwenyewe.

Baada ya chakula cha mchana yakaanza majimbo kuitwa moja moja kupiga kura. Wajumbe wa Kasten walikuwa wakichomoka kila upande, kumi huku, thelathini kule, na hesabu za wagombea wawili zikawa zinafukuzana. Katibu alipoita "Nebraska!", Verlyn alikishika kipaza sauti na kusema, "Bibi Katibu, Nebraska inapisha."

Dolores aligutuka. "Unapisha nini? Si tupige tumalize?"

"Tulia, jirani. Tukipisha tunaitwa mwisho. Nataka iwe Nebraska inayomtawaza Pruett, mbele ya televisheni zote. Arlene anatazama."

Kwa hilo Verlyn alipata alichokiomba na zaidi. Wyoming, ya mwisho kwenye orodha, ilipomaliza, ukumbi mzima ulizuia pumzi kwa pamoja. Wagombea walikuwa sare. Kila mmoja alihitaji kura kumi na tatu tu, na jimbo lililobaki lilikuwa moja, lenye kura ishirini na tano. Juu darini maputo elfu kadhaa yalikuwa yanasubiri kwenye nyavu. Wapiga picha walikimbia wakijikwaa kwenye nyaya, wakamzunguka Verlyn kama kuku waliomwagiwa mtama. Aliweka tai yake sawa. Furaha ilimpanda hadi kooni, na kwa kweli ilikuwa saa tamu kuliko zote maishani mwake.

"Bibi Katibu!" alisema. "Jimbo tukufu la Nebraska, jimbo la mahindi matamu, ng'ombe wanono na nguruwe wasiopotea, linatoa kwa fahari kura zake zote ishirini na tano kwa rais ajaye wa Marekani, Seneta Harlan..."

"Bibi Katibu!" Sauti ya mwanamke ilikata katikati. Dolores alikuwa amepanda juu ya kiti. "Naomba wajumbe wa Nebraska wahesabiwe mmoja mmoja!"

Ukumbi ukalipuka. Ombi hilo mjumbe yeyote ana haki nalo, na likishatolewa halirudishwi.

"Dolores, shuka hapo!" Verlyn alimnong'oneza kwa ukali. "Umerukwa na akili?"

"Sijarukwa. Nimefunguliwa."

"Wewe ulisaini! Nyote mlisaini!" Sasa alikuwa anapayuka, amesahau kwamba kipaza sauti kiko mkononi mwake. "Bibi Katibu, hawa wamesaini! Kanuni ya jimbo letu inasema anayelegalega anavuliwa kiti!"

Sauti yake ilizunguka ukumbi mzima. Katibu, mwanamke mwembamba mwenye miwani, alifunua karatasi ya asubuhi na kusoma bila haraka. "Mjumbe ni mtu huru. Hafungwi na mtu yeyote, wala na hati yoyote aliyoitia sahihi, wala na kanuni ya jimbo lake. Mleta hoja, Bwana Verlyn Tietz wa Nebraska." Akavua miwani. "Ndiye wewe, bwana?"

Kicheko kilichofuata kilitikisa maputo darini. Watu wa Ohio waliokuwa wakizomea asubuhi ndio waliopiga makofi sana. "Fungua zizi, Verlyn!" wakamwimbia. "Fungua zizi!"

Majina yakaanza kuitwa kwa alfabeti. Wa kwanza Pruett, wa pili Pruett, wa tatu Kasten. Kila jina la Kasten lilimwingia Verlyn kama msumari, na kila la Pruett likamrudishia pumzi. Dolores alitamka "Kasten, na reli yetu," akakaa chini, akijua ataishi jirani na mtu huyu miaka yote iliyobaki. Saba kwa sita. Kumi kwa kumi. Verlyn alipofikiwa alipaza "Pruett!" hadi sauti ikapasuka. Alipoitwa mtu wa ishirini na nne, hesabu ilisimama kumi na mbili kwa kumi na mbili.

Alibaki mmoja. Verlyn alitazama ni nani, akaona ameokoka. Alikuwa Wendell Zimmer! Shemeji yake, mtu wake mwenyewe, aliyempa kiti kwa mkono wake. Akatabasamu tena na kumwekea kipaza sauti mdomoni.

"Sema, shemeji. Sema tu, twende nyumbani."

Wendell alivua kofia, akakitazama kiti alichokalia kana kwamba anakiona kwa mara ya kwanza.

"Shemeji, usinikasirikie," alisema. "Kiti hiki si changu. Ni cha mzee Orville. Tangu Juni nakikalia na kinanichoma. Sasa umesema mwenyewe mtu asifungwe, na mimi nimekuamini. Namrudishia mzee kura yake. Kasten."

Kule juu safu ya tatu mzee Orville aliinuka. Hakushangilia. Alifunika uso kwa kofia yake, na mabega yakawa yanamtikisika kwa kilio.

Lakini mkuki ulikuwa haujafika mwisho wake. Kwa desturi, hesabu ya jimbo lazima itangazwe na mwenyekiti wa wajumbe, wala si mtu mwingine. Kamera zote zikamgeukia Verlyn, na nyumbani Arlene alikuwa anatazama.

"Nebraska," alitamka mwishowe, kwa sauti ambayo nguruwe wake wasingeitambua. "Seneta Pruett, kumi na mbili. Gavana Kasten... kumi na tatu."

Nyavu zikafunguka. Maputo mekundu, meupe na ya bluu yakamwagika, bendi ikapiga kwa nguvu zake zote, watu wa Kasten wakacheza juu ya viti, na Nebraska ikawa kweli imemtawaza mtu mbele ya televisheni zote. Verlyn alisimama katikati ya shangwe ile, puto moja limekwama begani mwa suti mpya.

"Mmenichoma," alisema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Majirani zangu mwenyewe. Mtu anafanyiwaje hivi?"

Dolores alimkaribia. Hakuwa na hasira, tena alimhurumia. Aliifungua hereni ya njano kofiani, akaufuta wino wa PRUETT kwa kidole gumba hadi ikabaki namba tu, kisha akakifungua kiganja cha Verlyn na kuiweka ndani. Wendell akaweka ya kwake juu yake. Wa tatu akaja, na wa nne, hadi kiganja kikajaa hereni kumi na tatu.

"Uliuliza asubuhi kama mjumbe ni nguruwe," Dolores alisema. "Tangu Juni tulikuwa tunakungojea uulize." Akamfunulia kopo la kolachi. "Chukua kimoja, jirani. Safari hii nakupa."

Verlyn alikichukua, akakishika bila kukila. Aliziangalia zile hereni, kisha akainua macho kule juu, kwa mzee ambaye mwezi Juni alimvua beji mbele ya watu. Ndipo alipouhisi, kwa mara ya kwanza, uzito wa kitu alichokuwa akiwarushia wenzake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.