Diski ya Mama Otmari na mtihani wa Mzee Nyagawa

Wewe unayesoma, hebu jibu: mara ya mwisho ulipoharibu kitu cha mtu, ulisema umekiharibu, au ulisema ulikikuta hivyo?

Basi tulia usome. Ukimaliza, mtumie na yule uliyemkumbuka sasa hivi.

Palikuwa na fundi mmoja mjini Makambako, Mzee Nyagawa, aliyetengeneza redio tangu enzi za betri kubwa sita. Jumamosi mchana watu walijaa kwenye benchi la nje kusikiliza vipindi vya salamu, maana redio iliyopona kwa Nyagawa ilisikika hadi ng'ambo ya reli. Akiinusa tu, anakwambia kilichoungua.

Atuganile alifika pale ana miaka kumi na tisa, amekumbatia redio kaseti ya baba yake iliyomeza kanda. Redio ikapona, yeye hakuondoka. Akajifunza kurudisha utepe kwa kalamu, kuyeyusha risasi ya kuungia nyaya bila kuvuta moshi wake, na kunyamaza mpaka kifaa chenyewe kiseme kinaumwa wapi. Miaka kumi na tano ikapita hivyo. Redio zikaadimika, zikaja kompyuta, nao wakahamia huko pamoja, mzee akilalamika kwamba kompyuta haina harufu ya maana.

Siku moja mzee akatangaza kwamba anapumzika, na Ijumaa atamkabidhi Atuganile funguo za karakana. Ijumaa ilipofika, akaja na neno jipya.

"Mwanangu, kwanza mtihani," alisema mbele ya majirani. "Mfungie Mama Otmari diski yake mpya kwenye kompyuta. Ukiiharibu, funguo nampa mwingine."

Mama Otmari, mwalimu wa kwaya mstaafu, alikuwa amekaa palepale. Nyimbo alizorekodi na marehemu mumewe zilikuwa kwenye diski kuukuu iliyoanza kukoroma. Akanunua mpya, ile nyembamba kama jojo ya kutafuna, ili nyimbo zihamie humo.

Atuganile aliijua kazi hiyo. Diski unaichomeka kwa mshazari kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, na ncha ya pili inabaki imeinuka. Unaishusha taratibu ilale juu ya kiguu cha shaba, kidogo kama punje ya mtama, kisha unakaza skrubu moja. Basi.

Akaishusha. Chini hapakuwa na kiguu.

Akaichomoa, akaigeuza kwenye mwanga. Mgongoni ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na kwenye mazabodi palikuwa na mkwaruzo mbichi wa skrubu. Mtu alishaikaza bila kiguu, ikapinda, ikapasuka. Na karakana ile ilikuwa na mwenye funguo mmoja tu.

Atuganile akamtazama mzee. Mzee akatazama dari.

Mikono ya mzee ndiyo iliyouongoza mkono wake aliposhika chuma cha moto kwa mara ya kwanza. Angeweza kukaza, akabeba lawama, na watu wangeiita heshima.

"Mzee, sikazi," alisema. "Kiguu hakipo. Na diski hii imeshapasuka."

Hapo Bwana Kilasi, fundi cherehani wa jirani, akajipiga paja.

"Mmeona? Mzee kamtegea! Kaondoa kiguu makusudi, aone kama binti atalazimisha! Wazee hawa wana hekima, bwana!"

Makofi yakalia. Mzee Nyagawa akakohoa, akaipokea hekima hiyo kama mtu aliyevishwa koti la mwenzake akaona linamkaa.

"Umefaulu, mwanangu," akasema, akampa funguo.

Hadithi nyingi zingeishia hapo, watu wakaenda zao kunywa chai. Ila Mama Otmari alikuwa bado amekaa.

"Hekima nimeiona, Mzee," alisema. "Na kuipasua diski yangu, nako kulikuwa mtihani?"

Bwana Kilasi akakumbuka ameacha pasi motoni.

Atuganile akaziweka funguo mezani. "Mzee, mwaka wangu wa kwanza niliunguza redio ya padri. Unakumbuka ulivyoniambia?"

Mzee akajibu: "Nilikwambia nenda kamwambie mwenyewe. Nami nitasimama nyuma yako."

"Ukasimama."

"Nikasimama."

"Basi leo nimesimama mimi," alisema Atuganile, akazunguka meza, akasimama nyuma ya kiti cha mzee.

Mzee Nyagawa akavua miwani. Akamgeukia Mama Otmari.

"Haukuwa mtihani, mama. Jana nilitaka kazi yangu ya mwisho niifunge kwa mkono wangu mwenyewe. Kiguu kilinidondoka, macho hayakukiona, nikaona aibu kumwita huyu. Nikakaza hivyohivyo. Nikaisikia ikilia ka! Leo nikataka ionekane imepasukia mkononi mwake. Diski yako nimeiharibu mimi."

Funzo: Kuharibu kumo ndani ya ufundi, kulitafutia kosa lako mkono wa mwingine hakumo. Nanyi wapiga makofi, kabla ya kusifia hekima, ulizeni kwanza nani kapasua.