Gari la Lufunga Lililolala Tutani

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana magari yalikuwepo na wajinga walikuwepo, palikuwa na bwana mmoja wa Kahama akiitwa Lufunga. Lufunga alikuwa anaoa. Wenzake wakioa hutafuta suti. Yeye alitafuta kulishusha gari.

Akaenda duka la spea la Mama Ngollo. "Mama, nipe springi fupi. Nataka gari lilale chini, sisimizi akipita ainame."

"Fupi kiasi gani?"

"Kuliko zote!"

Hakuuliza uzito wa gari. Hakuuliza shokapu, ile nguzo inayoishika springi na kuizuia isirukeruke. Alizipima kwa shubiri, kama anayenunua utepe! Na Mama Ngollo alijua kwamba springi zile zina shokapu zake, fupi na ngumu, tena ziko rafuni nyuma ya kichwa chake. Alijua. Akazifunga springi kwenye gazeti, akanyamaza.

Lufunga akazipeleka gereji kwa fundi Nkwabi. Nkwabi akainua gari kwa jeki, akafunga springi fupi kwenye shokapu ndefu za zamani. Gurudumu likaning'inia, springi ikacheza kama jino bovu. Nkwabi aliona. Macho anayo. Akachukua waya wa uzio, akaifunga isitoke, akashusha jeki. "Tayari, bosi." Eti fundi!

Siku ya harusi Lufunga akakataa dereva, akaenda mwenyewe kumchukua bibi harusi, Nyanzobe. Nyanzobe akapanda na gauni lake jeupe. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Hatua mia mbili kabla ya kanisa pana tuta. Badala ya kupunguza mwendo, Lufunga akapiga honi, kana kwamba tuta lingempisha! Gari likaruka, waya ukakatika, springi ikachomoka ikabingiria mtaroni. Gari likalalia upande mmoja, katikati ya tope.

Mama Ngollo na Nkwabi, waalikwa wote wawili, wakateremka kwenye magari ya nyuma, maana njia ilizibwa. Mchungaji akatuma neno: ana ndoa nyingine; wasipofika ndani ya nusu saa, yao mwezi ujao.

Nyanzobe akafungua mlango, akatazama tope. "Sikanyagi. Mwenye kosa anibebe mgongoni mpaka kanisani, watu wote wamwone. Asipopatikana narudi kwa baba, na huo mwezi ujao msinitafute."

Lufunga akang'aka, "Mimi mteja tu! Ningejuaje? Wanaojua ni hawa."

Mama Ngollo akasema, "Aliomba springi, nikampa springi. Angeuliza shokapu ningemjibu. Mwanamume yule nimfundishe gari lake?"

Nkwabi akasema, "Mimi nafunga kinacholetwa. Waya wangu ulishika siku nne. Angekwenda polepole ungeshika hadi fungate."

"Basi mwenye waya, inama!" Lufunga akaamuru.

Nkwabi akakunja suruali, akainama. "Haya, shemeji, panda."

"Wee! Usimguse mke wangu!"

"Mkeo bado," akasema Nyanzobe.

"Kwa hiyo kosa ni lako, bosi?"

"Si langu!"

"Basi nambeba."

"Humbebi!"

Mama Ngollo akavua viatu. "Nitambeba mimi. Magunia ya mpunga nimebeba. Ila kosa sikiri."

"Asiyekiri hanibebi."

Wakabaki hivyo, mmoja ameinama, mmoja pekupeku, mmoja anapiga kelele, na dakika zimebaki kumi.

Nyie mnaocheka, magari yenu nimeyaona hapo nje, nayo yamelala vilevile. Haya, semeni. Mmoja hakujua na hakuuliza. Mmoja alijua akanyamaza. Mmoja aliona akafunga waya. Je, ni nani aliyestahili kumbeba Nyanzobe?