Mashine ya Theluji ya Lwambala

Wanawake kumi na tisa wa Lwambala walikuwa na ng'ombe wazuri, barabara mbaya, na trekta dogo lisilo na kazi. Barabara ilikuwa kilomita moja na nusu, kutoka mazizini hadi lami. Kwenye lami ndiko gari la maziwa lilikosimama kila siku saa moja asubuhi, likapokea keni zao, likaondoka. Halikungoja mtu. Na kila masika kingo za barabara zililainika, tope jekundu likashuka kama uji uliomwagika, njia ikazikwa. Wanawake walitembea na keni kichwani, wakateleza, wakamwaga. Yaliyofika yalifika yameganda.

Mwaka ule mnunuzi alituma ujumbe mfupi kama tusi: mkikosa siku tatu mfululizo, kituo kinahamia kijiji cha pili. Full stop. Wewe unayekunywa chai ya maziwa, elewa maana yake. Kituo kikihama, ada ya shule imehama, dawa imehama, na sauti ya mwanamke ndani ya nyumba yake mwenyewe imehama. Hicho ndicho kilichokuwa hatarini, si kingine.

Trekta lile walipewa na kanisa rafiki la ng'ambo. Lilikuwa trekta la bustani, la watu wanaokata nyasi kwa kujifurahisha. Dogo, lakini lenye nguvu ya kweli, na kwa miaka mitatu lilikaa chini ya turubai kwa sababu halikuwa na kifaa cha kufungwa mbele yake. Nguvu bila mkono. Mnaijua hali hiyo? Majumbani mwenu wamo wengi wa namna hiyo: cheti kiko juu ya kabati, na turubai liko juu ya cheti.

Basi kijiji kikaunda kamati ya kwenda mjini kutafuta kifaa cha mtumba. Kamati ilikuwa ya wanaume watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukamua. Mwenyekiti alikuwa Mzee Asajile, mtu wa koti na kalamu mbili mfukoni. Wanawake wakadai angalau mtu mmoja wa kwao, wakamtuma Gwantwa, binti wa Mama Subilaga aliyekuwa mkuu wa kikundi chao. Gwantwa alisomea mitambo ya kilimo chuo kikuu, miaka minne mizima, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu nyumbani akikamua ng'ombe wa mama yake. Kamati ilimkubali ili abebe chakula.

Akabeba chakula. Akabeba pia kamba ya katani yenye mafundo, aliyokuwa amepimia upana wa trekta na nafasi kati ya mashimo yake ya bolti.

Kwa muuza mitumba walikuta vifaa viwili vilivyoshuka kwenye kontena moja, vyote vya nchi za baridi, vyote vya kuondolea theluji barabarani. Cha kwanza kilikuwa bamba la chuma lenye kutu, lililojikunja kidogo kama kiganja. Kazi yake kusukuma, basi. Cha pili kilikuwa mashine ya kurusha: nyekundu, inayong'aa, yenye skrubu pana mdomoni kama ya kusagia nyama, na bomba refu la kutemea, limenyooka juu kama shingo ya bata mzinga aliyeudhiwa.

Gwantwa alipiga magoti kwenye vumbi la yadi. Kwenye bamba aliangalia ukingo wa chini, ule unaokwangua ardhi. Ulikuwa umelika, lakini ungefunguliwa na kugeuzwa upande wa pili. Akazisukuma springi zinazoliruhusu bamba liiname likigonga jiwe kisha lisimame tena, zikarudi. Akapima mashimo kwa kamba yake. Yakalingana yote isipokuwa moja. Kisha akaigeukia mashine nyekundu, akaizungusha skrubu kwa mkono, akaiona pini nyembamba inayoishikilia, akajua papo hapo kuwa kile ni chombo cha kubeba kitu chepesi.

Kamati haikupiga magoti. Kamati iliuliza ipi ni grade one. Ndivyo tulivyo: mtumba hatuuchagui kwa kazi yake, tunauchagua kwa jinsi usivyofanana na mtumba. Kibandiko cha ng'ambo kikiwa bado kimeshika, rangi ikiwa haijababuka, tunasema hiki ndicho. Muuzaji naye hakuwa mjinga. Akaiunga mashine kwenye injini ya yadini, akaiwasha, akaielekeza kwenye rundo la maganda makavu ya kahawa. Maganda yakaruka juu ya paa la bati, yakaenda kumwangukia jirani. Wanakamati wakapiga makofi kama wako harusini.

"Hayo ni maganda," Gwantwa akasema. "Tope letu ni zito, lina mawe, linanata. Hii ni ya snow, baba. Tuchukue bamba."

"Mwanangu," mwenyekiti akasema, "theluji ni nini kama si mvua ya mawe iliyolainika? Na mvua ya mawe kwetu inanyesha."

"Kwani wewe injinia una uzoefu wa miaka mingapi na mashine hii?" mjumbe mmoja akachomekea.

"Sina. Nchi hii nani anao?"

"Ehee! Amekiri mwenyewe."

Wakacheka, wakaichukua nyekundu. Binti hakuwa na uzoefu wa theluji. Mwenyekiti alikuwa nao, aliwahi kuiona kwenye kalenda. Bamba muuzaji aliwapa bure, likandamize turubai lisipeperuke njiani. Walipofika nyumbani wakalitupa kando ya barabara, na Mama Subilaga akaliburuta akazibia banda la nguruwe.

Mashine ilizinduliwa. Utepe ukakatwa, mchungaji akaombea, mwenyekiti akapiga picha akiwa ameshika usukani. Mvua ikasubiri hotuba ziishe, kisha ikaanza, ikanyesha siku tano, na tope likashuka.

Siku ya kwanza mwenyekiti aliendesha mwenyewe. Skrubu ikauma tope. Bomba likakohoa mara moja, likatema bonge kubwa lililokwenda juu, likatafakari, likarudi kwenye koti lake. Halafu pini ikakatika. Wakaweka nyingine, ikakatika. Nne zikakatika kabla jua halijachomoza vizuri, na gari la maziwa likaondoka tupu.

Sasa sikilizeni, maana mfano wenyewe uko hapa. Ile pini imetengenezwa dhaifu kwa makusudi. Skrubu ikikutana na kitu kisichowezekana, pini hukatika ili giaboksi ipone. Ni kitu kidogo, cha bei ya kuchekesha, na kazi yake yote duniani ni kusema hapana kwa wakati. Gwantwa aliwaeleza hayo akiwa amesimama kwenye tope hadi magotini.

"Kijiji hiki," mwenyekiti akamjibu, "hakiendeshwi na vitu vinavyokatika-katika."

Wakaenda kwa mhunzi, wakachongewa pini ya nondo. Pini ya nondo ina sifa zote za mtu anayepandishwa cheo: ngumu, nyamavu, haikatai kitu. Siku ya pili haikukatika. Skrubu ikameza tope, ikameza jiwe, pini ikakubali, ikakubali, ikakubali, na giaboksi ikapasuka kama chungu. Oili ikatiririka juu ya tope ikiwa na rangi za upinde wa mvua. Gari la maziwa likaondoka tupu mara ya pili.

Jioni ile pakawa na mkutano. Mwenyekiti akapendekeza iundwe kamati ndogo ya kuwaandikia barua wafadhili, waombwe mashine kubwa zaidi ya aina ileile. Mama Subilaga akasimama, harufu ya maziwa yaliyochacha ikiwa bado mikononi mwake.

"Na maziwa ya kesho?"

"Mama, tufuate utaratibu. Maziwa ya kesho yatajadiliwa kwenye mengineyo."

Hayakufika kwenye mengineyo. Mkutano ulifungwa kwa sala.

Alfajiri ya siku ya tatu Gwantwa aliling'oa bamba kwenye banda, na nguruwe wakatoka kutazama. Shimo moja lilikuwa halilingani. Akalipanua kwa tupa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wanawake wakalishikilia bamba, yeye akakaza bolti. Kwa wapasua mbao wakaazima minyororo, wakaizungushia matairi. Nyuma ya trekta wakafunga magunia mawili ya mchanga, lisiteleze. Hakuna aliyekata utepe. Mama Subilaga alisema neno moja la Kinyakyusa, "Tubuke," maana yake twende, wakaenda.

Wakamkuta mwenyekiti amesimama katikati ya barabara, suruali ameikunja, barua ya wafadhili iko mkononi.

"Shuka! Nani kakupa kibali? Hiyo ni mali ya kijiji. Wewe hata uzoefu huna!"

Gwantwa hakuzima injini.

"Pisha, baba. Ikifika saa moja nitakuwa nao."

Akaachia klachi. Mwenyekiti akapisha; alirukia majani ya chai ya jirani na kalamu zake zote mbili. Bamba likashuka, likauma, likasukuma. Haikuwa kazi ya kupendeza macho. Hakuna kilichoruka juu ya paa. Tope lilikunjamana mbele ya bamba kama blanketi, likaenda upande wa bondeni, likaanguka. Bamba likigonga jiwe liliinama, likapita, likasimama. Wanawake walifuata nyuma na majembe wakikwangua yaliyobaki, keni mgongoni, wakitukana kwa lugha tatu. Mara mbili trekta lilikwama, na mara mbili mabega ya wanawake wote yalilisukuma likatoka.

Walipoiona lami, gari la maziwa lilikuwa limeshaanza kuondoka. Dereva aliwaona, akatazama saa, akapiga honi ya kuaga. Mama Subilaga akakimbia kupitia majani, akatokea mbele ya gari, akaiweka keni yake katikati ya lami, akaikalia.

"Mama, toka! Nimechelewa!"

"Umechelewa wewe, mimi nimefika. Pima maziwa."

Wenzake wakaja mmoja mmoja, wakaketi kandokando yake, kila mmoja juu ya keni yake, wamepakwa tope mpaka kwenye nyusi. Dereva akatazama mbele, akatazama nyuma, akazima gari. Akapima. Yalikuwa mazima. Kituo hakikuhama.

Mchana mwenyekiti alifika nyumbani kwa Mama Subilaga na wajumbe wake wawili, koti jipya, uso wa msiba uliogeuzwa kuwa pongezi. Alisema kamati imefarijika. Alisema kwa mujibu wa utaratibu ufunguo wa trekta utunzwe ofisini, na kwamba jina la Gwantwa litafikiriwa, akivumilia, kwa nafasi ya kujitolea ya miezi sita, kisha ataonekana. Ufunguo ulikuwa umekwisha kufungwa kwenye pindo la khanga ya Mama Subilaga, mafundo mawili.

"Ndaga, mwenyekiti," mama akajibu. Asante. "Mvua haijaisha. Kesho alfajiri njoo na jembe. Kwetu pia kuna nafasi ya kujitolea."

 Gwantwa alikuwa amelala usingizi mzito mkekani, buti miguuni, na hakuna aliyethubutu kumwamsha kwa ajili ya kamati.

Tope ni kila kinachotushukia kila mwaka na kila mwaka tunakiita ghafla. Trekta ni nguvu mliyoisomesha wenyewe kisha mkaifunika. Mashine nyekundu mnaijua, mmeshaizindua mara nyingi. Na pini nyembamba ni yule mnayemwambia asubiri apate uzoefu, wakati nafasi yake mmeshaijaza nondo.

Basi nawauliza ninyi mnaotuambia tungoje: giaboksi imepasuka, tope linashuka, na sisi injini tumeshawasha, mtapisha, au mtasukumwa pamoja nalo?