Kitambi cha Gari la Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na magari, ila kukanyaga breki waliona haya. Bwana Kifaru alikuwa na gari kubwa kupita yote, na macho yake, mnajua wenyewe, hayaoni hata mkia wake.

Kila asubuhi, vruuum! alipita mbio njia ya kisimani. Hapo ndipo walipovukia Nguchiro na wanawe sita, mmoja nyuma ya mwingine. Jumanne moja bampa likamparuza kitindamimba, akateguka mguu. Nguchiro alilia, akaufunga mguu kwa kitambaa, akaenda kwa Kifaru.

"Hodi! Shikamoo, Bwana Kifaru. Nakuomba upunguze mwendo. Wanangu watakwisha."

"Marahaba. Barabara ni ya wenye magari," alisema Kifaru huku akitafuna. "Wanao wajifunze kuruka."

Nguchiro alimeza hasira. Akalizunguka gari, akatikisa kichwa.

"Masikini!"

"Nini tena?"

"Gari la mkubwa kama wewe, limekonda hivi! Tumbo limeingia ndani. Wanasema kwako hakuliwi."

Kifaru akaacha kutafuna. "Nani anasema?"

"Siwataji, wana watoto wadogo."

"Lipe kitambi! Leo hii!"

Nguchiro akaleta viriba vinne vya ngozi, akavijaza hewa kwa mvukuto wa mhunzi, fuu! fuu! fuu! Akavifunga mbele ya gari kwa kamba. Gari likanenepa. Kifaru akazunguka mji mzima akipiga honi, na majirani wakampa hongera.

Alhamisi, kitindamimba alikuwa bado anachechemea, akaachwa nyuma katikati ya njia.

Vruuum!

"Mama!"

Nguchiro akaziba macho. Puu! Mtoto akazama kwenye kiriba, akarushwa, akaangukia nyasini. Akaketi, akajikung'uta.

"Mama, nirudie?"

Kifaru alisimamisha gari. "Kumbe kitambi hiki ni godoro la wanao! Umenichezea! Nakitoa sasa hivi!"

"Kitoe, Bwana," alisema Nguchiro, akimpapasa mwanawe mbavu. "Ila majirani wale pale wanatazama. Watasema njaa imerudi."

Kifaru akakodoa macho kule alikoonyeshwa. Hakuona mtu, kwa sababu hakukuwa na mtu. Akainua mkono, akapunga kwa heshima, na kabla ya adhuhuri akawa ameagiza kiriba cha tano.

Basi wanangu, mwenye nguvu asiye na huruma, mshikeni kwa majivuno yake.