Kwa Nini Nyota Nyingine Hufa Bila Nguo

Mmeniuliza tena, basi safari hii sikilizeni mpaka mwisho, maana nimechoka kukatizwa. Mnataka kujua kwa nini nyota kubwa zikipasuka, nyingine hazijulikani zilikuwa nani, na wataalamu na darubini zao hubaki kubishana. Zamani haikuwa hivyo.

Zamani nyota waliishi mitaani kama watu, na kila nyota mkubwa alijifunga nguo juu ya nguo. Mwisho wake ukifika alipasuka kwa mwanga mkali, nguo zikatawanyika. Bibi mmoja, Mwanakombo, ndiye aliyekuwa na kazi ya kuwataja marehemu. Alizitazama zile nguo, akasema, "Huyu ni fulani," na wenyewe wakaanza kulia. Hapakuwa na ubishi.

Katika mtaa mmoja waliishi Somoe na mdogo wake Riziki, mlango kwa mlango. Riziki hakujua ila kuomba. "Dada, nipe hiyo ya juu tu, nasikia baridi." Somoe akampa. Hata haijapoa mwilini, huyo karudi kuomba nyingine.

Mwanakombo alipowaona akashika kiuno. "Somoe, huna mdomo wa kusema hapana? Utabaki uchi!"

"Ni mdogo wangu, shangazi. Nitamnyimaje?"

"Na wewe Riziki! Nguo ya kuazima haisitiri matako!"

Riziki akacheka, akaomba nyingine. Somoe akavua ya mwisho.

Nyuma yao aliishi Mbaruku, mtu wa hasira na joto jingi. Huyu hakuombwa na mtu. Alizichana nguo zake mwenyewe, akazitupa kwenye upepo, naye akabaki uchi.

Basi siku moja mtaa ukatikisika. Mwanga ukawaka, vumbi likafunika nyumba zote. Mwanakombo akaja mbio, akatafuta nguo, asione hata uzi.

"Sasa huyu ni nani?" akauliza. "Nitamtaja vipi?"

Mama yake Mbaruku akaamini ni mwanawe, akaanguka chini akilia. Majirani wakatandika mikeka, matanga yakaanza. Wakiwa katika kilio hicho, Mbaruku akatoka ndani ya vumbi akikohoa.

"Mnamlilia nani hapa? Mtu hawezi kupumzika?"

Mama yake akamnasa kofi, kisha akamkumbatia.

Mwanakombo akavuta pumzi, akakaa kungoja. Mwanga ulipofifia, akamwona Riziki amesimama mlangoni, nguo juu ya nguo, ameumuka kama andazi.

"Riziki, dada yako yuko wapi?"

Riziki akautazama mlango wa dada yake, umejaa vumbi.

"Basi vua hata moja, tumzikie."

Riziki akavuta, akavuta tena. Nguo zilikwisha kugandamana na mwili wake. "Shangazi, hazitoki," akasema, na hapo ndipo alipolia. Somoe akazikwa bila sanda.

Mwanakombo akatupa bakora yake chini. "Niliwaambia kwa mdomo huu huu! Nimechoka. Kuanzia leo simtaji mtu. Anayetaka kumjua aliyekufa uchi, angoje mwanga ufifie, amtafute jirani aliyevimba kwa nguo zisizo zake. Asipomwona, abahatishe." Akaenda zake, wala hakurudi.

Na tangu siku hiyo, nyota akipasuka bila nguo, watazamaji wa mbingu hungoja mwanga upungue, wakachungulia kando. Mara nyingi hawaoni mtu. Hapo mmoja husema alivuliwa na ndugu, mwingine huapa kwamba alizitupa mwenyewe, na sauti hupanda. Msiwaulize kitu wakati huo, watawafokea bure.

Lakini Riziki walimpata. Yuko palepale, ananawiri kuliko alivyozaliwa, na jina lake hakuna anayelitaja. Humwita ndugu wa marehemu.