Matete ya Bi Semeni

Ndugu yangu, hii ni ya mtaani kwetu, na mimi mwenyewe nimo kwenye makosa. Ukimaliza kuisoma, mpelekee mwenzio mwenye haraka na panga.

Mtaa wetu una gereji juu na bwawa la samaki chini. Bwawa ni la mwenyekiti wetu, Mzee Mkude, na mwaka ule perege wake alikuwa amewaweka kwa ajili ya harusi ya binti yake. Kati ya gereji na bwawa unapita mtaro wa maji ya mvua. Humo mjane mmoja, Bi Semeni, alitandaza kokoto na mchanga, akapanda matete. Kila wiki aliyapalilia, nasi tukipita tunamcheka.

Ikafika Jumamosi ya usafi. Kwetu siku hiyo usipotoka na jembe utasemwa mwaka mzima. Mwenyekiti akasimama ukingoni.

"Bi Semeni, huu mtaro au pori?"

"Mwenyekiti, niachie hayo matete. Yanachuja uchafu wa gereji."

"Majani yanachuja oili? Basi kesho yatuchujie na chai."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha tukafyeka, tukang'oa, tukazoa mchanga na kokoto zote. Nami nisijitoe, panga langu ndilo lililoanza. Bi Semeni alisimama kando na kanga mdomoni, halafu akaokota mizizi michache akaenda nayo kwake.

Mvua ya kwanza ikanyesha Jumanne. Maji yaliteremka kwa kasi, hakuna cha kuyazuia, na kwa macho yalikuwa maji tu. Alhamisi asubuhi perege walikuwa wanaelea matumbo juu, bwawa zima. Harusi ilikuwa imebakiza siku tisa. Mzee Mkude, mtu mzima yule, alikaa kwenye tope akalia, na kwa kweli roho iliniuma.

Bi Semeni akaja kumpa pole.

"Dada," mwenyekiti akamwuliza, "wewe huna bwawa wala bustani huku chini. Matete yale ulimpandia nani?"

"Nilikupandia wewe. Marehemu mume wangu alikuwa fundi hapo juu, unamkumbuka. Miaka ishirini alimwaga oili chafu na maji ya betri mtaroni. Alipougua, ukawa unamletea perege kila Ijumaa. Alikula huku machozi yanamtoka. Akaniambia nisiache uchafu wake ukufikie."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Mbele ya mtaa mzima? Nisingeweza kumvua nguo marehemu."



Harusini tulikula maharage, na Bi Semeni akakalishwa mbele, pamoja na shangazi zake bibi harusi. Jumamosi ya usafi iliyofuata, wa kwanza kuingia mtaroni alikuwa mwenyekiti, suruali kaikunja magotini, mkononi ile mizizi aliyoiokota mjane.

"Dada," akauliza, "nichimbe kina gani?"

Safari hii hakucheka mtu.

Funzo: Usifyeke kitu kwa kuwa hukioni kikifanya kazi. Huenda ndicho kinachokuzuilia sumu, na aliyekipanda anakupenda kuliko unavyojua.