Ukuta wa Watemi Saba

Sogeeni, wanangu. Hadithi hii ni ya kale, lakini bado inauma.

Palikuwa na hekalu la udongo walimozikwa watemi saba waliojenga dola kubwa. Mlinzi wake, Nyamizi, aliukandika ukuta kwa viganja vyake kila mwezi ukiandama. Na ukuta ule ulikuwa unasema.

"Nyamizi, usilie. Chozi la mlinzi likidondoka humu, nitaporomoka."

Mumewe akafa. Nyamizi akameza machozi, akakandika. Mwanawe wa kwanza akafa. Akameza machozi, akakandika. Akafa Kabula, kitinda mimba wake. Nyamizi akang'ata nguo yake mpaka ikachanika, akakandika.

"Mama yule ana moyo wa jiwe," majirani wakasema.

Uzee ukamfika. Asubuhi moja akauegemea ukuta, udongo mbichi mkononi.

"Bado umesimama?"

"Nimesimama, mama."

Nyamizi akakata roho.

Hakuna aliyemlilia. Nani amlilie jiwe?

Mvua haikunyesha siku ile, lakini ukuta ulianza kulowa. Ukamlilia mume, ukamlilia mwana, ukamlilia Kabula. Ulipofika kwa Nyamizi ukashindwa kusimama. Ukaanguka, ukamfunika pale pale, wa nane kati ya watemi saba.